Triga nzito kwenye bunduki ya mitutu miwili: namna ya kuipima, kuitibu na kujua pa kuishia

Mwindaji akinijia na bunduki ya mitutu miwili mkononi, akasema mtutu wa kushoto umeanza kupiga chini, sikimbilii mtutu. Nachukua mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki, naipima triga. Mara nyingi jibu liko hapo. Triga inayotaka kilo 4 kabla ya kuachia haiwezi kuvutwa kwa kidole peke yake. Kiganja kizima kinakaza, bega linajipanga kupokea kishindo, na kwa mtu wa mkono wa kulia mdomo wa bunduki unazama chini na kushoto kabla risasi haijatoka.

Naliweka mbele jambo hili kwa sababu ya bunduki zenyewe. Mitutu miwili ya bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa imeunganishwa kiwandani na fundi aliyepiga nayo shabaha, akaisogeza kidogo, akapiga tena, mpaka risasi za kulia na kushoto zikakutana pamoja katika umbali wa mita 50 hadi 100 hivi, kwa aina moja ya risasi. Bunduki ya .470 Nitro Express, aina ya risasi nene ya wanyama wakubwa, kwa mfano, hupangwa kwa kichwa cha risasi cha gramu 32 kinachotoka kwa mwendo wa mita 655 hivi kwa sekunde. Kazi hiyo ni ghali na ni ya mikono michache duniani. Nimeona mmiliki akijiandaa kuipeleka bunduki yake Ulaya ikayeyushwe lehemu na kupangwa upya, kumbe ugonjwa ulikuwa mafuta yaliyoganda kama gundi nyuma ya triga. Iliponywa kwa mafuta ya taa na mswaki.

Mwongozo huu basi ni wa mmiliki halali na mwindaji: namna ya kujua triga ina uzito gani, kwa nini imekuwa nzito, kipi unaweza kukifanya mwenyewe na wapi uweke bisibisi chini. Ukarabati wa chuma chenyewe ni wa fundi silaha mwenye leseni. Nitaeleza sababu, kwa kuwa sababu ndiyo itakayokuzuia siku utakaposhawishika kushika tupa.

Kilichomo ndani

Bunduki hizi kwa kawaida zina triga mbili. Ya mbele huachia mtutu wa kulia, ya nyuma huachia wa kushoto. Kila upande una mtambo wake kamili: nyundo, springi kubwa inayoisukuma nyundo, na kipande kidogo cha chuma ambacho hapa nitakiita jino. Nyundo ina pengo dogo. Jino linaingia kwenye pengo hilo na kuizuia nyundo isiruke. Jino lina mkia mrefu unaorudi nyuma, na mkia huo umelala juu ya triga. Ukivuta, triga inauinua mkia, ncha ya jino inatoka pengoni, nyundo inaruka.

Basi. Ukubwa wa mshiko kati ya ncha ya jino na pengo hauzidi unene wa kadi ya simu. Uzito wote unaousikia kidoleni unatoka kwenye mambo manne: nguvu ya springi kubwa, kina na mteremko wa ule mshiko, ukwaru au ulaini wa nyuso mbili zinazosuguana, na chochote kinachogusa triga au mkia wa jino njiani pasipotakiwa kuguswa. Matatu ya kwanza ni ya fundi. La nne ndilo lako, na kwa uzoefu wangu ndilo lenye makosa mara nyingi kuliko mengine.

Mitambo yenyewe haifanani. Bunduki nyingi, zikiwemo Merkel na Heym za mitutu miwili, zinafuata mtindo wa Anson na Deeley uliosajiliwa mwaka 1875 kwenye kiwanda cha Westley Richards huko Birmingham, ambapo mtambo umefungwa ndani ya kiwiliwili cha chuma. Nyingine, kama Holland & Holland Royal, zina mtambo juu ya bamba la pembeni linalotoka. Westley Richards wenyewe walitoa mtambo unaochomolewa kwa mkono kutokea chini, wa mwaka 1897, na mwenye bunduki hiyo ana bahati kubwa, maana anasafisha bila kugusa skrubu. Blaser S2 na Krieghoff Classic hazijikoki zikifunguliwa, yaani nyundo hazirudi nyuma zenyewe zikawa tayari kupiga. Unazikoki kwa dole gumba pale unapotaka kupiga. Ukiwa na hizo mbili, kumbuka kuzikoki kabla ya kila kipimo nitakachokitaja.

Kabla ya kipimo

Fungua bunduki. Toa risasi. Angalia matundu yote mawili kwa macho, kisha ingiza kidole kila tundu. Risasi zote zitoke chumbani kabisa, zikafungiwe chumba kingine. Nimeshamwona mtu mwenye miaka thelathini porini akiokota "risasi bandia" mezani iliyokuwa ya kweli.

Kwa habari ya risasi bandia: usifyatue bunduki ya mitutu miwili matundu yakiwa matupu. Pini ya kugongea, hasa kwenye bunduki za zamani, hukatika au kuchanika. Nunua risasi bandia zenye springi au mpira pale pini inapogonga. Ukizikosa, fundi anaweza kukutengenezea kwa maganda yaliyokwisha kupigwa, yakijazwa mpira mgumu mahali pa fataki, kile kidonge kinachowasha baruti. Yatobolewe tundu ubavuni, la wazi, linaloonekana na kushikika hata gizani, ili yasichanganyike kamwe na risasi hai.

Kupima

Mizani ya ndoano inatosha ikiwa ina alama za gramu 100. Ile ya kidijitali ya kupimia mizigo ya ndege inafaa zaidi kwa sababu inakumbuka uzito wa juu kabisa uliofikiwa. Funga kipande cha waya mnene chenye kipindo laini mwishoni, usikwaruze chuma.

Weka risasi bandia zote mbili, funga bunduki, toa kizuizi cha usalama. Mwenzako aishike bunduki imara juu ya mto, mdomo ukielekea mahali salama. Pachika waya katikati ya mpindo wa triga ya mbele, pale kidole kinapokaa. Mahali hapa pana maana kubwa: waya ukishuka kwenye ncha ya triga, kipimo kinapungua bila chochote kubadilika, kwa sababu umeongeza urefu wa wenzo. Vuta kurudi nyuma sambamba na mtutu, polepole, mpaka usikie mlio. Andika. Fungua bunduki ikoki tena. Rudia mara kumi kwa triga ya mbele, mara kumi kwa ya nyuma.

Usitafute wastani peke yake. Angalia pia tofauti. Vipimo kumi vinavyocheza ndani ya gramu 150 vinaonyesha mtambo mzuri wenye uzito wake wa asili. Vikiruka kutoka kilo 2.4 hadi 3.6 na kurudi, kuna kitu kinakwama, na hiyo kwako ni habari njema, maana kinachokwama kinasafishika.

Uzito gani ni sawa? Kwa bunduki ya kumkabili nyati au tembo, naitaka triga ya mbele kati ya kilo 1.6 na 2, na ya nyuma kati ya kilo 2 na 2.5. Sishuki chini ya hapo, hata mteja akinisihi. Hii si bunduki ya kulengea karatasi ukiwa umelala. Inavutwa na kidole chenye jasho, mapigo ya moyo yakienda mbio, kwenye majani marefu. Ikizidi kilo 3 upande wowote, hapo nakubali ni nzito.

Ya nyuma inazidi ya mbele kwa sababu. Mtutu wa kulia unapolipuka, bunduki yote inaruka nyuma, na mtambo wa kushoto bado umekoki ukiwa umeshikwa na ule mshiko mdogo tu. Ukiwa mwepesi mno, kishindo kinautikisa na risasi ya pili inatoka yenyewe. Au bunduki inarudi na kidole chako kinabaki, kikaivuta triga ya pili bila wewe kujua. Risasi mbili za .470 kwa pamoja zinaweza kumvunja mtu mfupa wa bega. Na kubwa kuliko hilo, zinamwacha mbele ya mnyama aliyejeruhiwa akiwa na bunduki tupu. Kwa hiyo ukikuta ya nyuma imezidi ya mbele kwa nusu kilo, usiihesabu kuwa ugonjwa.

Kusoma ugonjwa kabla ya kufungua

Jiulize imeanza lini. Bunduki iliyokuwa sawa kiangazi Dodoma, ikawa nzito baada ya miezi miwili Kilwa, inakuambia ni mbao. Kitako cha mjozi kinakunywa unyevu na kuvimba, na nafasi iliyochongwa kwa ajili ya mitambo ni finyu sana. Ukuta wa mbao ukisogea kidogo unagusa mkia wa jino au ubavu wa triga.

Iliyokuwa nzito kidogo kidogo miaka mingi, na inavutika kama kijiko kwenye asali, ni mafuta yaliyoganda. Ile inayokwaruza, kana kwamba unavuta juu ya mchanga, huenda ni mchanga kweli, au kutu. Iliyokuwa nzito tangu siku kitako kilipofunguliwa na kufungwa, ni skrubu iliyokazwa kupita kiasi. Na iliyonunuliwa mpya ikiwa hivyo, kilo 3.5 sawasawa kila ukipima, ndivyo kiwanda kilivyoiachia. Hiyo usiifungue, ipeleke kwa fundi moja kwa moja.

Jaribu pia kizuizi cha usalama. Kisukume mbele mpaka mwisho, pima. Kisha kishike kwa dole gumba ukikikandamiza mbele zaidi, pima tena. Uzito ukipungua, basi kizuizi hakitoki njiani kikamilifu na kinausugua mgongo wa triga. Sehemu hiyo ni ya fundi.

Na kuna wenye triga ya mbele yenye bawaba ndogo, inayolegea kwenda mbele ili isikigonge kidole unapopiga ya nyuma. Vumbi likiingia kwenye bawaba hiyo, inakuwa ngumu. Tone la mafuta mepesi na kuichezesha mara ishirini hutosha.

Kufungua

Hapa ndipo bunduki nyingi nzuri huharibikia, na huharibiwa na bisibisi. Skrubu za bunduki hizi, hasa za Uingereza, zina mfereji mwembamba sana. Bisibisi ya dukani ina ncha yenye mteremko. Inapanda juu, inateleza, inalichana bamba lenye nakshi ambalo mtu alilichora kwa wiki kadhaa. Tafuta bisibisi za mafundi bunduki zenye ncha ya sambamba, au mpelekee fundi akunolee moja kwa kila skrubu. Ncha ijaze mfereji kwa urefu na kwa unene.

Kabla hujagusa chochote, piga picha. Utaona jambo: kwenye bunduki iliyotengenezwa kwa uangalifu, mifereji ya skrubu imelala kufuata urefu wa mtutu. Haikutokea hivyo kwa bahati. Ndicho kipimo cha kukaza. Skrubu iliyovuka mstari huo imekazwa mno, na iliyobaki nyuma yake haijafika. Nimewahi kukutana na bunduki ya risasi za .500 ambayo skrubu ndefu, ile inayounganisha ulimi wa chuma wa juu na bamba la chini linalobeba triga, ilikuwa imepita mstari kwa robo ya mzunguko. Bamba lilipinda kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho na kuzibana triga zote mbili. Niliirudisha robo hiyo. Triga ya mbele ilishuka kutoka kilo 3.3 hadi 2.1, na sikufanya kingine.

Basi anza na hilo: kama mfereji umepita mstari, urudishe, pima. Huenda umemaliza.

Kama hujamaliza, chukua kipande cha boksi, chora umbo la bunduki, toboa tundu kwa kila skrubu mahali pake. Kila skrubu ikitoka, ipachike tundu lake. Hata zikifanana, hazifanani. Kila moja ilipimwa kwa shimo lake. Mtambo wa pembeni au ule unaochomolewa kwa chini, utoe mzima na uishie hapo. Mtambo wa Anson na Deeley, toa kitako tu. Usitoe pini za ndani, usitoe springi kubwa. Springi hizo zimebanwa kwa nguvu na zinahitaji vibano vyake maalumu. Ikichomoka inaumiza, na ikivunjika kwenye bunduki ya mwaka 1920 hakuna duka linaloiuza.

Kusafisha

Kitako kikishatoka, utaona mikia miwili ya meno na migongo ya triga. Angalia rangi. Mafuta hai yanang'aa na yanatembea. Yaliyokufa yana rangi ya chai, yamekauka kingoni, na ukiyakwangua kwa kijiti cha mbao yanatoka kama utando wa utomvu. Ndiyo gundi yako.

Mswaki laini, mafuta ya taa masafi au spiriti, na subira. Lowesha, ngoja dakika kumi, sugua, geuza bunduki mdomo juu ili uchafu utoke kwa nyuma, rudia mpaka maji yanayotoka yawe meupe. Usimwagie mbao. Kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha upepo wa pampu ya baiskeli. Mwisho, tone moja la mafuta mepesi ya bunduki kwa ncha ya sindano kwenye kila mhimili wa triga na pale mkia unapokaa juu ya triga. Tone moja. Mafuta ya kupikia, grisi ya gari na mafuta ya cherehani yaliyokaa miaka kwenye kabati yote yatageuka kuwa gundi ileile uliyoitoa.

Mbao

Washa koroboi, pitisha mikia ya meno na mbavu za triga juu ya moshi mpaka zipate masizi mepesi. Chuma kisipate joto, moshi tu. Rudisha kitako taratibu, kaza skrubu mpaka mistari yake, vuta kila triga mara tano juu ya risasi bandia, fungua tena. Popote mbao inapogusa, kuna alama nyeusi kama ya kalamu.

Alama hizo ziondoe kwa patasi ndogo kali au kipande cha msasa laini kilichozungushwa kijitini, unene wa karatasi kwa mara moja, kisha masizi tena. Ondoa pale tu penye alama. Kuna nyuso nyingine ambazo mbao inatakiwa kuligusa chuma kwa nguvu, hasa kisogo cha kiwiliwili kinapoegemea kitako, maana ndipo kishindo kinapopokelewa. Ukipachonga hapo, kitako kitapasuka siku moja. Ukimaliza, paka mbao uliyoifunua mafuta ya kitani kidogo sana, ikauke siku mbili kabla ya kufunga.

Pa kuishia

Funga, pima mara kumi tena. Ukipata kilo 2 mbele na 2.4 nyuma, umekwisha. Ukipata bado 3.2 na 3.5, zisizobadilika, sasa uzito uko kwenye mshiko au springi, na bunduki inakwenda kwa fundi.

Usipige tupa ncha ya jino wala pengo la nyundo. Vipande hivi vimekomazwa juu juu tu. Ngozi ngumu ni nyembamba kuliko kucha, na chini yake chuma ni laini. Ukiivuka ngozi hiyo, triga inakuwa tamu siku hiyo. Baada ya risasi hamsini chuma laini kimelika, mteremko umebadilika, na nyundo inaanza kuanguka yenyewe. Niliwahi kuletewa bunduki iliyopitia karakana moja iliyofanya hivyo. Mwenyewe aliisifu triga yake. Niliikoki, nikakigonga kitako kwa kiganja, nyundo ya kushoto ikaanguka. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Fundi, mwanangu ndiye hunibebea."

Usikate wala kulegeza springi kubwa pia. Triga itapungua uzito kweli, ila nyundo nayo itagonga fataki kwa ulegevu, na mlio wa "tak" bila mlipuko mita 15 mbele ya nyati si jambo la kulitafuta.

Kwa fundi, nenda na karatasi yako ya vipimo. Mwambie uzito unaoutaka kwa kila triga, muulize kama bunduki yako ina jino la akiba, lile linalodaka nyundo ikichoropoka, na kama linafanya kazi. Akuandikie vipimo vya baada ya kazi. Fundi mzuri atakuuliza unawinda nini kabla ya kukubali namba uliyoitaja.

Majaribio ya mwisho

Haya yafanye hata kama ulichofanya ni kusafisha tu, na hata kama bunduki imetoka kwa fundi unayemwamini.

Koki, risasi bandia ndani, kizuizi cha usalama kikiwa kimefungwa. Kwenye bunduki nyingi za aina hii kizuizi hicho huzifunga triga tu, hakizishiki nyundo, kwa hiyo hakikuhakikishii chochote kuhusu mshiko. Gonga kisigino cha kitako juu ya ndara nene sakafuni, mara kumi, kutoka kimo cha shubiri. Kisha toa kizuizi, vuta triga zote mbili: lazima usikie milio miwili. Mlio ukikosekana, nyundo ilishaanguka. Rudia kizuizi kikiwa wazi. Kisha vuta ya mbele huku mwenzako akigonga kitako, uone kama ya nyuma imebaki imekoki.

Ikifaulu yote, nenda uwanja wa shabaha. Risasi hai moja, mtutu wa kulia. Kushoto risasi bandia. Piga, kisha bila kufungua, elekeza mdomo kwenye shabaha na uvute ya nyuma. Ikilia, ilikuwa bado imekoki. Fanya hivyo mara tano, halafu geuza: hai kushoto, bandia kulia. Ni baada ya hapo tu ndipo unaweka risasi mbili.

Namba zako ziandike kwenye kadi ikae ndani ya sanduku la bunduki: tarehe, mahali, kilo za mbele, kilo za nyuma. Pima tena kabla ya kila msimu, na kila bunduki inapohama kutoka bara kwenda pwani. Na kabatini isimamishe mdomo chini, juu ya kitambaa kinene. Ukiisimamisha mdomo juu, mafuta yote ya mitutu yatateremka mwaka mzima kwenda nyuma ya triga, ndani ya mbao, palepale ulipotoka kuyasugua.